Kutu ni betri iliyopigwa shoti: mwongozo kamili wa vitendo vya fizikia na kemia kwa wanafunzi wa diploma ya uhandisi

Mwanafunzi anaandika mlinganyo wa kutu ubaoni bila kukosea hata namba moja. Kisha unamuuliza kwa nini nguzo ya geti la kwao Kigamboni imeliwa pale inapoingia ardhini, wakati sehemu ya juu inayopigwa na mvua bado nzima. Ananyamaza. Darasa zima linanyamaza.

Wakufunzi wenzangu wengi wamejaribu kuliponya tatizo hili kwa vitendo, na vitendo vyenyewe vikawaangusha. Msumari uliowekwa kwenye maji yaliyochemshwa ukapata kutu. Multimita ikasoma sifuri, au ikasoma namba inayoruka kila sekunde. Vijana wakanakili majibu ya mwaka jana na mambo yakaishia hapo.

Mwongozo huu ni wa kuvifanya vitendo hivyo vifaulu. Unahitaji vipindi vitatu vya saa mbili mbili, na wiki moja ya kusubiri kati ya cha kwanza na cha mwisho. Wazo la kushikilia ni moja: kutu ni betri ambayo ncha zake mbili zimeunganishwa kwa chuma chenyewe. Kemia inaeleza kwa nini elektroni zinataka kuhama. Fizikia inaeleza ni ngapi zinahama kwa sekunde na nini kinazichelewesha. Ukizifundisha mbali mbali, mwanafunzi anabaki na vipande viwili ambavyo havitakutana hadi siku anasimamia mradi.

## Vifaa vya kundi la watu watano

- Misumari 12 ya kawaida ya inchi 2, isiyopakwa zinki
- Waya wa shaba wa sentimita 20. Waya wa nyumba wa milimita mraba 2.5 unatosha, umenywe plastiki yote
- Kipande cha zinki chenye ukubwa wa vidole viwili
- Kipande cha bati la chuma tupu, sentimita 5 kwa 5, kutoka kwa mafundi wa kuchomelea
- Msasa namba 120 na 240, sabuni ya unga, karatasi laini
- Chumvi, na maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta
- Multimita moja, rezista ya omu 100, nyaya nne zenye klipu za meno
- Vikombe vitatu vya plastiki, testi tyubu nne (chupa ndogo za dawa zinafaa), mafuta ya kula
- Fenolfthalini na potasiamu ferisianidi, kidogo sana
- Glavu na miwani ya kinga

Kwa darasa zima tafuta mizani inayosoma gramu 0.01, kama ile ya masonara, na chanzo cha umeme wa moja kwa moja cha volti 6 chenye kidhibiti cha mkondo. Betri ya volti 6 na rezista ya kubadilisha zinatosha, na zitakuokoa umeme ukikatika katikati ya kipindi.

Kuna vitu vitatu katika orodha hiyo vinavyoharibu kazi mapema.

Misumari. Maduka ya eneo la Gerezani, Dar es Salaam, yana misumari ya kila aina, na mara nyingi unauziwa iliyopakwa zinki bila kujua. Tumbukiza mmoja kwenye siki. Ukitoa mapovu mengi mara moja, una zinki juu yake. Rudisha.

Maji. Hakikisha unapewa maji ya betri, si asidi ya betri. Chupa zake huwekwa rafu moja. Usitumie maji ya kisima kama "maji baridi" (yasiyo na chumvi) ya kulinganishia. Visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi, hasa karibu na pwani, na vijana wataona misumari ya maji baridi na ya maji chumvi ikifanana kabisa.

Zinki. Gamba la ndani la betri ya tochi ya zinki na kaboni ni chanzo kizuri, lakini ukate wewe au fundi sanifu wa maabara, si wanafunzi. Vaa glavu, toa unga mweusi, osha gamba kwa sabuni. Betri ya alkali au ya lithiamu usiifungue kamwe. Kama unafahamiana na mafundi wa boti, waombe mabaki ya zinki wanazofunga chini ya boti. Hizo ndizo bora, kwa sababu kijana anashika mkononi kitu kile kile atakachokikuta kazini.

## Hatua ya 1: Watabiri kwa maandishi kabla ya kugusa chochote

Gawa karatasi yenye maswali matatu. Tone la maji ya chumvi likikaa juu ya bati la chuma, chuma kitaliwa katikati ya tone au pembeni? Msumari uliofungwa kipande cha shaba utaoza haraka au polepole kuliko ulio peke yake? Na uliofungwa zinki?

Kila mmoja aandike jibu na sababu, kisha kusanya karatasi. Usisahihishe. Utazirudisha mwishoni.

Sababu ni kwamba mwanafunzi ambaye hakutabiri hashangai, na asiyeshangaa hasahau kosa lake la zamani wala halioni. Kwenye swali la tone, wengi watasema pembeni, "kwa sababu huko kuna hewa zaidi". Waache waseme hivyo.

Waruhusu waandike kwa Kiswahili. Mtihani watafanya kwa Kiingereza, sawa, na ripoti ya mwisho wataiandika kwa Kiingereza. Lakini sababu inayofikiriwa kwa lugha ya mkopo mara nyingi huwa sentensi iliyokaririwa, na hutajua kijana anaelewa nini.

## Hatua ya 2: Safisha kana kwamba unajiandaa kupaka rangi

Misumari mipya ina mafuta ya kiwandani. Ioshe kwa sabuni, suuza, piga msasa namba 120 kisha 240 hadi chuma king'ae pande zote, suuza kwa maji ya betri na kausha. Kuanzia hapo ishikwe kwa karatasi au glavu. Fanya vivyo hivyo kwa shaba, zinki na bati.

Hatua hii inachosha na makundi yatataka kuiruka. Usikubali. Alama ya kidole ina mafuta na chumvi, na kutu itaanza kwa umbo la kidole.

Dalili ya kufaulu: maji yanatandaa juu ya chuma kama utando. Yakijikusanya vitone vitone, mafuta bado yapo.

## Hatua ya 3: Panga testi tyubu za wiki nzima

Zipange kipindi cha kwanza ili zisubiri.

Ya kwanza: msumari kwenye maji ya betri. Ya pili: msumari kwenye maji ya chumvi, gramu 35 kwa lita, ambayo ni karibu sawa na bahari. Ya tatu: maji yaliyochemshwa na kufunikwa kwa mafuta. Ya nne: msumari mkavu, na vile vifuko vya silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, ukiwa umefungwa vizuri.

Ya tatu ndiyo inayoaibisha wakufunzi. Maji yakichemshwa dakika mbili tu, oksijeni inabaki. Yakiachwa yapoe wazi, oksijeni inarudi. Chemsha dakika 10 kamili, yamimine yakiwa bado moto sana polepole kando ya ukuta wa testi tyubu hadi yaufunike msumari, kisha mwaga mafuta juu hapo hapo, unene wa sentimita 1. Mafuta hayazuii hewa milele. Baada ya wiki mbili utaona kutu kidogo. Soma matokeo siku ya saba.

Kwa wanafunzi wa ujenzi ongeza mbili: msumari kwenye maji ya chokaa yaliyochujwa, na mwingine kwenye maji hayo hayo yaliyotiwa chumvi. Zege jipya lina pH zaidi ya 12, na hali hiyo ndiyo inayoulinda nondo kwa utando mwembamba sana. Chumvi huuvunja utando huo. Kijana akiona msumari wa kwanza uking'aa na wa pili ukianza vidoa, hutahitaji hotuba ndefu kuhusu kujengea mchanga wa baharini wenye chumvi. Testi tyubu hizi mbili ziache muda mrefu zaidi ya wiki, na uzifunike, maana chokaa hushika hewa ukaa na kuchoka.

## Hatua ya 4: Pima volti, na hakikisha zinajumlishika

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi. Kama una saa mbili, saa moja na nusu iwe hapa.

Weka msumari, shaba na zinki kwenye kikombe kimoja cha maji ya chumvi bila kugusana. Weka multimita kwenye volti za umeme wa moja kwa moja, kipimo cha milivolti 2000. Pima jozi tatu: zinki na chuma, chuma na shaba, zinki na shaba. Waya mweusi uwe kwenye metali iliyotajwa kwanza.

Klipu isiguse maji. Narudia kwa sababu ndiyo makosa ya kwanza kwa wingi: klipu ina metali yake, na ikilowa unakuwa na metali nne kikombeni bila kujua. Namba inayoruka ruka karibu kila mara inatokana na klipu iliyolowa au metali ambayo haikupigwa msasa.

Subiri dakika 3 kabla ya kusoma. Tarajia takribani volti 0.3 hadi 0.6 kwa zinki na chuma, 0.2 hadi 0.5 kwa chuma na shaba, na 0.7 hadi 0.9 kwa zinki na shaba.

Mwanafunzi mwerevu atakuja na jedwali la kitabu. Zinki ni −0.76, chuma ni −0.44, shaba ni +0.34, kwa hiyo zinki na shaba zilipaswa kutoa 1.10. Mpongeze kwanza. Kisha mweleze kwamba namba za jedwali ni za metali iliyo ndani ya mmumunyo wa ayoni zake yenyewe, kwa kiwango maalumu cha mol 1 kwa lita na nyuzi 25. Kikombe chake hakina ayoni za shaba. Kazi ya upande wa shaba inafanywa na oksijeni iliyoyeyuka. Mpangilio wa metali unabaki ule ule, ukubwa wa namba unabadilika. Mhandisi anayefanya kazi baharini anatumia mpangilio uliopimwa kwenye maji ya bahari, na wanafunzi wako wameupima hapo mezani.

Dalili ya kufaulu: namba mbili za kwanza zikijumlishwa zinakaribia ya tatu, tofauti isizidi milivolti 50. Usiendelee mpaka kundi lilifikie hili. Zikijumlishika, vijana wanaona kwa macho kwamba kila metali ina kiwango chake, kama ghorofa za jengo, na multimita inapima tu ngazi kati ya ghorofa mbili. Umeme wa darasa la fizikia na jedwali la darasa la kemia vinakuwa kitu kimoja, na nimeona nyuso zikibadilika wakati huo.

## Hatua ya 5: Mruhusu mkondo upite

Toa msumari. Zibaki zinki na shaba. Andika volti bila mzigo. Kisha unganisha rezista ya omu 100 kati yake na usome volti kwenye ncha za rezista baada ya dakika 2.

Mfano wa hesabu: bila mzigo volti 0.75, na mzigo volti 0.30. Mkondo ni 0.30 ÷ 100, yaani miliampea 3. Volti 0.45 zimepotea ndani, kwa hiyo ukinzani wa ndani ni 0.45 ÷ 0.003 = omu 150.

Napendelea njia hii ya rezista kuliko kupima mkondo moja kwa moja. Vijana husahau kuhamisha waya mwekundu kwenye tundu lake, fyuzi inaungua kimya kimya, na kundi linalofuata linasoma sifuri bila kujua sababu. Multimita yako ikisoma sifuri kwenye mkondo lakini volti zinasomeka, angalia fyuzi kabla ya kumlaumu mtu.

Sasa wabadilishe kitu kimoja kwa wakati: watumie maji ya betri yasiyo na chumvi, wasogeze metali mbali, wainue nusu ya shaba nje ya maji. Maji yasipokuwa na chumvi mkondo unaporomoka ingawa volti bila mzigo haijabadilika sana. Waulize maana yake. Jibu unalolitafuta ni kwamba chumvi haileti nguvu mpya ya kuoza, inapunguza ukinzani wa njia. Ndiyo maana bati la Msasani, kando ya bahari, linachakaa mapema kuliko la Dodoma, mbali na pwani.

Jaribio la kuinua shaba nalo usilipite haraka. Shaba kubwa hupokea oksijeni nyingi, kwa hiyo huvuta mkondo mkubwa. Bolti ndogo ya chuma kwenye bamba kubwa la shaba italiwa upesi. Bamba kubwa la chuma lenye bolti ndogo ya shaba litavumilia. Metali ni zile zile mbili, uwiano wa maeneo ndio ulioamua.

Tahadhari ya ukweli wa kitaaluma: ule "ukinzani wa ndani" si rezista safi. Sehemu yake ni kusuasua kwa mmenyuko kwenye uso wa metali, hivyo ukibadilisha rezista namba itabadilika. Waambie wazi, vinginevyo watakaopima mara mbili watadhani wamekosea.

## Hatua ya 6: Tone linaloonyesha kila kitu

Tayarisha mililita 100 za maji ya chumvi, gramu 0.1 ya potasiamu ferisianidi na mililita 2 za fenolfthalini. Weka tone kubwa, upana wa shilingi, juu ya bati lililopigwa msasa dakika hiyo hiyo. Usilitikise.

Ferisianidi inageuka buluu pale chuma kinapoyeyuka. Fenolfthalini inakuwa ya waridi pale oksijeni inapopokea elektroni na kuzalisha hidroksidi. Mwanzoni vidoa vya buluu na waridi vinatokea ovyo. Kati ya dakika 10 na 20 vinajipanga: buluu katikati, waridi pembeni. Baadaye pete ya kahawia inajitokeza kati yake.

Rudisha karatasi za utabiri sasa.

Oksijeni ni nyingi pembeni, kwa hiyo pembeni pamekuwa kathodi, yaani mahali elektroni zinapopokelewa. Katikati, penye oksijeni haba, ndipo chuma kinapotoa elektroni na kuliwa; hapo ni anodi. Kutu yenyewe inaota mahali pengine, pale ayoni za chuma zinapokutana na hidroksidi. Metali moja, tone moja, na tayari kuna betri.

Rudi kwenye nguzo ya geti. Udongo wenye unyevu unanyima oksijeni sehemu ya chini, hewa inaipa sehemu ya juu, na chuma cha nguzo ndicho waya. Waache wenyewe wataje mifano mingine: chini ya washa ya bolti, mahali mabati yanapolaliana, chini ya rundo la taka lililosahaulika juu ya paa.

Hatari: ferisianidi isikutane na asidi kali wala isipashwe moto pamoja nayo, kwa sababu inaweza kutoa gesi ya sianidi yenye sumu. Ondoa siki na asidi zote mezani kabla ya hatua hii. Mabaki yakusanywe kwenye chupa yenye lebo, yasimwagwe kwenye sinki.

Fenolfthalini isipopatikana, tumia ferisianidi peke yake. Buluu ya katikati inatosha kubeba hoja.

## Hatua ya 7: Pima chuma kilichopotea kwa gramu

Kupima uzito wa msumari uliokaa wiki moja hakufai. Msumari wa inchi 2 una gramu 2 na kidogo, na kinachopotea ni kidogo mno kwa mizani zetu. Harakisha kwa umeme.

Pima misumari miwili mikavu. Mmoja uunge kwenye chanya, mwingine kwenye hasi, ndani ya maji ya chumvi. Rekebisha mkondo uwe ampea 0.20 na uushikilie hapo dakika 60, kijana mmoja akikaa kwenye kidhibiti. Baadaye futa matope kwa brashi laini, suuza, kausha, pima tena.

Hesabu: 0.20 × 3600 = kulombu 720. Kila mol ya chuma inatoa mol mbili za elektroni, yaani kulombu 193,000. Gawanya, zidisha kwa 55.8, unapata gramu 0.21.

Dalili ya kufaulu: msumari wa chanya umepungua kati ya gramu 0.18 na 0.24, na wa hasi haujabadilika. Ukipata pungufu, angalia kama matope yamebaki kwenye msumari.

Msumari wa hasi unatoa haidrojeni, kama mililita 90 kwa saa hiyo. Fungua madirisha, na pasiwe na moto karibu. Usitumie kijiko au bolti ya chuma kisichoshika kutu kwenye chanya: kromiamu yake inaweza kutoka katika hali yenye sumu.

## Hatua ya 8: Igeuze betri iwe mlinzi

Funga msumari na zinki kwa waya, tumbukiza kwenye maji ya chumvi pamoja na msumari usio na kitu. Siku ya pili tofauti inaonekana wazi: zinki inaliwa badala ya msumari.

Kisha wape hesabu ya kazini. Muundo wa chuma baharini unahitaji ampea 0.5 za ulinzi kwa miaka 10. Zinki inapotea kilo 10.7 kwa kila ampea kwa mwaka. Hiyo ni kilo 53.5. Chukulia ufanisi wa asilimia 90, na kwamba ni asilimia 85 tu ya donge itakayotumika kabla halijabadilishwa: kilo 70.

Wengi watasimama kwenye 53.5. Usiwape alama zote. Muulize aliyesimama hapo zinki yake itaisha mwaka gani.

## Hatua ya 9: Sahihisha mchoro kabla ya maneno

Katika ripoti dai mchoro wa kila jaribio wenye vitu vinne: anodi ilipo, kathodi ilipo, njia ya elektroni, njia ya ayoni. Kosa linalojirudia ni mshale wa elektroni kupita ndani ya maji. Elektroni zinapita kwenye metali. Ndani ya maji zinasafiri ayoni. Mchoro wenye kosa hilo urudishwe hata kama hesabu zote ni sahihi.

Mwisho, kila kundi litafute kutu tatu mtaani, ziwe Feri kwenye kivuko cha Kigamboni, kwenye kituo cha daladala au uani kwao. Wazipige picha na kuchora juu ya kila picha vitu hivyo vinne. Picha ya kwanza ninayoiombea siku zote ni ya nguzo ya geti.